Upande wa Tatu

Obwocha alikuwa na haraka ya kujibu. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hiyo. Jumapili alasiri, katika darasa moja nyuma ya kanisa la Magwagwa, alikuwa akiwafundisha hesabu vijana waliomaliza kidato cha nne na kutaka kufanya mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Hakuwatoza kitu. Alipenda tu jinsi walivyomtazama anapotoa jibu kabla wao hawajamaliza kuchora.

Siku hiyo aliandika ubaoni swali la pembetatu kutoka kitabu cha mitihani, pamoja na picha yake: upande mmoja ni tano, wa pili kumi na mbili.

"Upande wa tatu ni kumi na tatu," akasema. "Hiyo hata usingizini mnaijua. Twende mbele."

Nyaboke, aliyekaa karibu na dirisha, aliinua mkono. "Mwalimu, hawajasema kuna pembe ya digrii tisini. Wanauliza upande wa tatu unaweza kuwa mrefu kiasi gani, kwa namba kamili. Mimi napata kumi na sita."

"Angalia picha."

"Picha wameandika haikuchorwa kwa vipimo."

Mogaka, mwanafunzi wa dawati la nyuma, akacheka kidogo. Obwocha alihisi kwamba anachekwa yeye.

"Kama unajua kunishinda, njoo ufundishe," akasema. "Ama uende nyumbani ukafundishe majani chai. Watoto wa siku hizi mnadhani mdomo ndio akili."

Darasa zima likacheka, safari hii waziwazi. Nyaboke alikusanya vitabu vyake na kutoka.

Wengine walipoondoka, Obwocha alibaki kufuta ubao. Akasoma swali tena, polepole, hadi mwisho. Pande mbili za pembetatu zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu. Tano na kumi na mbili ni kumi na saba. Basi wa tatu hauwezi kufika kumi na saba. Kumi na sita. Mtoto alikuwa amesoma swali. Yeye alikuwa amesoma picha.

Jumapili iliyofuata Nyaboke hakuja. Kesho yake Obwocha akashika njia ya kwao, akipanga maneno.

Mama yake Nyaboke, Kwamboka, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kupeleka majani chai kwenye kituo cha ununuzi. Alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kabla mgeni hajafungua kinywa akasema, "Mwalimu, najua kilichokuleta. Nimeaibika sana. Mogaka alituambia vile huyu msichana alikujibu mbele ya watu. Nimemkataza kurudi huko mpaka ajifunze heshima."

"Mama, hilo jambo..."

"Hapana, ngoja. Nyaboke, kuja hapa."

Nyaboke alitoka jikoni, mikono imelowa maji. Mama akamwonyesha sakafu. Akapiga magoti.

"Nisamehe, mwalimu," akasema.

Hapo ndipo Obwocha angesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mama alikuwa akimtazama kwa heshima kubwa, na chai ilikuwa ya moto, na ilionekana rahisi sana kuliacha jambo liishe hivyo.

"Nimekusamehe," akasema. "Urudi Jumapili."

Nyaboke akainua macho, akamtazama mara moja tu. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alimtazama kama mtu anayesoma swali hadi mwisho. Kisha akarudi jikoni.

Obwocha alimaliza chai, akaaga, akateremka hadi kijito kinachogawanya mashamba. Pale miguu ikakataa. Alijaribu kujiambia kwamba atalirekebisha darasani, kwa utani, bila kutaja mtu. Kisha akamkumbuka yule msichana sakafuni. Akageuka, akapanda kilima tena.

Kwamboka alikuwa bado anafuta meza. "Umesahau kitu, mwalimu?"

"Nyaboke alikuwa sawa," akasema Obwocha, akiwa amesimama mlangoni. "Lile swali. Mimi ndiye niliyekosea, na nikamtukana."

Mama aliacha kufuta. "Mtoto alikuwa sawa?"

"Alikuwa sawa."

"Na alipokuwa hapa chini amepiga magoti, ulikuwa unajua?"

Obwocha aliangalia viatu vyake, vyekundu kwa udongo wa kijitoni. "Nilikuwa najua."

 Kwamboka alichukua kikombe alichokuwa amenywea mgeni, akaingia nacho jikoni, na Obwocha akasikia mama na binti wakizungumza Ekegusii, lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetoka. Baada ya muda akaelewa kwamba amekwisha kuagwa.

Jumapili Nyaboke alirudi. Obwocha aliandika swali lile lile ubaoni, akaeleza kosa lake na tusi lake mbele ya wote, akamwomba msamaha. Nyaboke alisema, "Sawa, mwalimu," akafungua kitabu. Alifanya mtihani mjini Kisii, akawapita wenzake wote, na barua ya kukubaliwa chuoni ikamjia.

Siku ya soko Obwocha alikutana na Kwamboka kwenye meza za ndizi. Akampa hongera. Kwamboka akamshika mkono vizuri, kama jirani.

"Asante, Obwocha," akasema.

Tangu siku ile ya chai hakuwahi tena kumwita mwalimu, wala Obwocha hakutarajia amwite.