Gari Lililowatambua Watu wa Bengamisa

Jumanne moja ya mwaka 1988, saa tatu asubuhi, Zacharie, fundi wa redio, alikuwa akilehemu waya wa redio ya padri wakati Augustin, dereva wa Ofisi ya Ustawi wa Mazao, alipoingia kiwandani na kuweka juu ya meza kitambaa kilichofungwa fundo. Zacharie alimaliza kwanza waya wake. Ndani ya kitambaa mlikuwa na ufunguo wa gari wenye kichwa cha plastiki nyeusi, na katikati ya kichwa kitufe kimoja chekundu. Ulikuwa ufunguo wa kwanza wa aina hiyo kufika Kisangani. Mtu aliuelekeza kwenye gari, akabonyeza, na milango yote minne ikaachia bila mkono kugusa kitu.

"Imekufa," Augustin alisema. "Patron anafinya, anafinya, gari inamuangalia tu."

"Na milango inafungukaka namna gani?"

"Yenyewe. Mutu wa Bengamisa akipita, inafunguka. Jana mama mumoja alipita na beseni ya majani ya pondu ku kichwa, tak! Yote ine. Patron alikuwa anasimama pale na abacost yake, ile koti ya bakubwa, milango inamukatalia."

Zacharie alipasua kichwa cha ufunguo kwa wembe. Ndani palikuwa na kutu, kwa maana unyevu wa Kisangani haujali plastiki ya mkubwa wala ya mdogo. Alisema ufunguo huo haurudi tena, itabidi uagizwe mwingine Kinshasa. Kuhusu watu wa Bengamisa hakuuliza zaidi. Mtaa mzima wa Makiso ulijua gari lile lilitoka wapi.

Miaka minne nyuma, Ofisi iliwatangazia wakulima wa Bengamisa, kijiji cha mbali ng'ambo ya mto Tshopo, kwamba kila nyumba ikitoa gunia moja la kahawa, wataletewa gari la wagonjwa. Magunia mia mbili na kumi na mawili yalitoka. Angélique, dada mkubwa wa Germaine, mke wa Zacharie, alitoa mawili: moja lake, moja kwa jina la mdogo wake aliyeolewa mjini. Mwaka ule Germaine alikuwa amekwenda Bengamisa kumzika mama yao, uchungu ukamkuta huko kabla ya wakati, na mtoto wake wa kwanza akazaliwa na kufa kilomita ya kumi na tisa ya njia ya hospitali, nyuma ya baiskeli, Angélique akiwa amemshika kiuno. Kwa hiyo kuhusu gari la wagonjwa Angélique hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Gari lilifika kwa boti, jeupe, refu, lina kitanda nyuma. Watumishi waliimba, wakacheza, wakapiga makofi ya chama. Kisha Citoyen Lofemba, mkuu wa Ofisi, aliingia kulijaribu. Majaribio hayo sasa yalikuwa katika mwaka wa tatu. Kitanda kilitolewa, kikawekwa kwenye baraza ya nyumba yake, na jioni alijilaza juu yake na bia mkononi, afya tele, akilalamika kwamba ni chembamba.

Ufunguo mpya ulishuka na ndege ya Ijumaa iliyofuata, ndani ya bahasha, pamoja na kijitabu cha Kifaransa. Citoyen Lofemba alimwita Zacharie ofisini. Huko Zacharie hakuitwa Zacharie, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku zamani. Aliitwa Citoyen Kasongo, yaani Mwananchi Kasongo, naye aliitikia, kama vile mtu anavyovaa viatu vya kuazima.

"Soma hapa," mkuu alisema, kidole chake kinene juu ya ukurasa.

Zacharie alisoma. Ili kulifundisha gari ufunguo mpya, iliandikwa, mtu huwasha umeme wa gari, hubonyeza kitufe mara mbili, na kungoja kufuli ziitikie. Na chini yake, kwa herufi nzito: funguo zote ambazo hazipo karibu na gari wakati wa mafunzo zitasahauliwa.

"Bon. Donc hawa batu ya Bengamisa ndio funguo," Citoyen Lofemba alisema. "Gari iliwasikia kwa kahawa yao. Tunawatosha karibu, tunawapeleka mbali, gari inawasahau. Ni teknik tu, Citoyen Kasongo. Hakuna politik ndani."

"Ndiyo, citoyen."

"Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya bote. Nitawatuma bote ng'ambo ya pont ya Tshopo, bafagie barabara. Hata wale banauzisha ku soko. Weye utafundisha gari saa ine." Alimtazama Zacharie kwa upole wa mtu aliyekwisha kula. "Ukishindwa, utaenda kufanya redio ku kashoo. Kule banakosa muziki."

Zacharie alimjua fundi wa saa aliyekwenda kashoo, yaani mahabusu, na kutoka bila vidole viwili. Akasema ataweza. Ila aliomba gari liletwe kiwandani kwake, kwa sababu ya umeme. Sababu hiyo haikuwa na kichwa wala miguu, lakini Citoyen Lofemba aliheshimu sana mambo ya umeme asiyoyaelewa, akakubali.

Nyumbani, Germaine alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba. Zacharie alimweleza kila kitu huku akimkanda. Alimwambia kwamba kuna chumba nyuma ya kiwanda, kile cha redio zisizo na wenyewe. Jumamosi atakaa humo, kimya. Hatua nne tu toka gari. Gari halitamsahau.

Germaine alifikiri kidogo.

"Na yaya, dada yangu?"

Angélique alikuwa mjini wiki ile, amekuja kuuza mchele, na yeye pia alikuwa na mimba, ya miezi minne, bado haijaonekana vizuri.

"Bawili bataonekana," Zacharie alisema. "Chumba ni kidogo."

Chumba hakikuwa kidogo. Kilikuwa na redio sitini na mtumbwi mbovu wa mteja mmoja aliyetaka uwekewe spika. Zacharie aliogopa, basi. Aliogopa mwanamke wa pili atakohoa, au atacheka, kwa sababu Angélique alikuwa mtu wa kucheka. Germaine alivuta mguu wake kutoka mikononi mwa mumewe na hakuuliza tena. Na hapo wote wawili, ukweli usemwe, walimuuza yule aliyetoa gunia, bila hata kupandisha sauti.

Jumamosi asubuhi askari wa barabara waliwakusanya watu wa Bengamisa, wakavuka daraja na mafagio. Angélique alipita mbele ya kiwanda, fagio begani, akamsalimu shemeji yake.

"Beau-frère, leo salongo iko mbali! Tunaenda kufagilia samaki."

"Ndiyo, yaya. Kazi njema," Zacharie alisema.

Saa nne kamili Augustin aliegesha gari mlangoni. Citoyen Lofemba alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imetanuliwa, akipepewa na msaidizi. Zacharie aliwasha umeme wa gari, akabonyeza kitufe chekundu mara mbili, akangoja.

Gari lilianza kusahau. Kila nyumba iliyotoka ilisikika katika kufuli: tak, kisha kimya kidogo, kisha tak. Lilianza na nyumba za mwisho kabisa wa Bengamisa, kule kwenye mashamba mapya, likaja taratibu kufuata barabara. Zacharie aliyekuwa akienda huko kila Noeli aliweza kuzifuata moja moja: mseremala, katekista, mjane mwenye mbuzi. Msaidizi wa mkuu alipiga miayo. Augustin alivuta sigara. Ilichukua nusu saa na zaidi, maana gari lile halikuwa na haraka, tofauti na wale waliolipanda.

Ilipofika nyumba ya Angélique, tak yake haikuwa na kitu cha pekee. Ilikuwa tak tu. Zacharie alifuta jasho. Kisha gari lilipaswa kutoa lile gunia la pili, na halikulitoa. Nyuma ya ukuta, kati ya redio zisizo na wenyewe, Germaine alikuwa amekaa na mikono yake juu ya tumbo.

"Imeisha?" Citoyen Lofemba aliuliza.

Zacharie alibonyeza kujaribu. Milango ilifunguka. Tak, na baada yake tak nyingine, ndogo.

"Kwa nini mbili?"

"Moja ya milango, citoyen. Moja ya kofri, kule nyuma."

Mkuu aliridhika. Aliingia ndani ya gari lake, akafunga na kufungua mara tano au sita, akicheka kila mara, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Kisha alikwenda kula.

Uchungu ulimshika Germaine wiki tatu baadaye, mchana, akitoka sokoni. Alitembea hadi mbele ya Ofisi akajishikilia kwenye gari, na gari likamfungukia mlango wa nyuma kabla hajaomba. Augustin alikuwa kwenye usukani akisoma gazeti la mwezi uliopita. Alimwangalia mama, akauangalia mlango.

"Kama gari yenyewe imefungua," alisema, na akawasha.

Walifika hospitali kwa dakika saba. Mtoto wa kike alizaliwa mzima, akaitwa Émilie kimyakimya nyumbani, na jina lingine kwenye karatasi. Zacharie alilia waziwazi uani mwa hospitali, na hakuona aibu hata kidogo. Kwa muda wa juma zima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kisangani, na hakumfikiria mtu mwingine.

Citoyen Lofemba hakushangaa. Alisema gari moja kubakiza mama mmoja si kitu, hata nguo mpya hubaki na uzi. Alimwamuru Germaine aje Jumamosi kuosha kiti, akakiosha, mtoto mgongoni. Kisha mkuu alipata wazo, jambo lililompata mara chache. Alimwita mpiga picha. Germaine na mtoto walisimamishwa kando ya gari, yeye mwenyewe katikati, na picha ikabandikwa kwenye ubao wa Ofisi, chini yake maandishi: GARI LA BENGAMISA KATIKA HUDUMA YA BENGAMISA. Wakaguzi waliokuja kutoka Kinshasa waliisoma, wakapongeza, wakapelekwa na gari hilo kula samaki.

Angélique naye aliiona, siku aliyokuja kumbeba mtoto. Alicheka kwa sauti.

"Donc gari inafanya kazi," alisema. "Gunia yangu haikupotea. Mi nikifika wakati wangu, nitakuja tu mbele yake nisimame."

Zacharie alikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, hana kazi mkononi. Germaine alimtazama mumewe, akangoja. Zacharie alisema mvua inakuja, aziweke wapi redio.

Angélique alikuja wakati wake ulipofika. Mume wake, Jafari, alimsukuma nyuma ya baiskeli tangu alfajiri, kilomita zote, kwa sababu damu ilikuwa imeanza kutoka. Walipovuka daraja la Tshopo watu walimwambia akate kushoto, hospitali iko karibu kwa njia ile. Angélique alikataa. Alimwambia anyooke hadi Ofisini, gari lipo, atalala.

Gari lilikuwepo, limetoka kuoshwa. Augustin alikuwa ametumwa kununua barafu. Angélique alishuka mwenyewe, akaenda, akaweka mkono kwenye kitasa kama anayemshika mtu mkono. Gari halikumjua. Alingoja. Alimwambia Jafari pengine linalala, akaligonga kidogo kwa vidole, kwa adabu, akataja jina lake na jina la kijiji na akasema gunia lilikuwa la mwaka gani. Walinzi wa Ofisi walimsikiliza hadi mwisho. Halafu alikaa chini kwenye kivuli cha gari, na Jafari akaanza kupiga kelele.

Kiwanda cha Zacharie kilikuwa mtaa wa pili. Alipozisikia kelele alimtuma jirani kwa Germaine, na yeye mwenyewe akakimbia. Alimkuta Angélique macho wazi.

"Beau-frère," alisema, "gari yenu imeharibika."

Germaine alifika akihema, mtoto kifuani, na gari likafunguka, milango yote minne. Lakini Angélique alikuwa amekwisha kata roho, na aliyekuwa tumboni pia. Walimlaza nyuma, pale palipokuwa na kitanda. Citoyen Lofemba alitoka barazani mwa Ofisi, akavua kofia, akasema pole sana kwa familia. Aliruhusu mwili upelekwe na gari hadi Bengamisa, mradi watandike nailoni. Siku iliyofuata aliagiza safari hiyo iongezwe kwenye maandishi ya ubao, maana ilikuwa huduma ya pili.

Germaine hakupiga kelele, wala hakumlaani mumewe. Aliacha tu kumwita kwa jina lolote, la nyumbani wala la karatasi.

Jumatatu watumishi wa Ofisi walipandisha bendera, wakaimba, wakacheza. Saa tatu Augustin aliingia kiwandani na kuweka kitambaa juu ya meza. Betri ya ufunguo ilikuwa imechoka. Zacharie alifungua kichwa cha plastiki, akaweka betri nyingine, akatoka nje hadi lilipokuwa gari, akabonyeza kitufe chekundu.

Tak, ya Citoyen Lofemba. Tak, ndogo, ya Germaine.

Alisimama pale na mkono wake mbele, akingoja ya tatu, hadi Augustin aliposema patron amechelewa, akauchukua ufunguo kutoka mkononi mwake.