Kivumbasi cha Uani na cha Mtoni

Mwaka 1953 Kasonde alikuwa msaidizi katika maabara moja ndogo ya Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji. Alichemsha majani ya dawa, akaupoza mvuke wake, kisha akaengua mafuta yaliyoelea juu ya maji. Bwana Clovis, mkemia Mbelgiji, ndiye aliyeyapima.

Mwezi wa tatu Kasonde alileta kivumbasi kutoka uani kwa mama yake mkubwa, Chomba, aliyekuwa akitibu vifua vya watu wa mtaa wa Kamalondo. Bwana Clovis akadondosha tone la mafuta yake kwenye kisahani cha vijidudu. Kesho yake, kuzunguka lile tone hapakuwa pameota kitu.

"Leta ingine, mingi!"

Majani ya uani hayakutosha. Kasonde akachuma mengine kando ya mto Lubumbashi. Jani lilelile, ua lilelile. Lakini mafuta yake yalinukia karafuu, na kwenye kisahani vijidudu vikaota mpaka ukingoni mwa tone.

"Ulichanganya nini humu?"

"Hapana kitu, Bwana."

"Unanidanganya."

Kasonde aliosha vyombo mara tatu, akachemsha upya. Karafuu tena. Akaanza kujishuku: labda alibadilisha chupa bila kujua, labda pua yake ilikuwa na kasoro.

Jumapili, baada ya misa, alimwekea Chomba matawi mawili mezani.

"Mama, hii iko kivumbasi?"

"Iko kivumbasi."

"Na hii?"

"Na yenyewe."

"Sasa mbona moja inaponya, ingine inakataa?"

Chomba akayasugua majani, akanusa. "Hii ya kwangu ni ya kifua. Ya muto ni ya meno. Muntu wa kikohozi mi simupe ile. Nani alikuambia iko dawa moja?"

Kasonde alipomweleza, Bwana Clovis hakusadiki. Wakapanda miche ya aina zote mbili kwenye tuta moja, Kasonde akaimwagilia kiangazi kizima. Kila mmoja ukabaki na harufu yake. Vipimo vikaonyesha timoli nyingi, ile inayoua vijidudu, katika cha uani, na eugenoli, ile ya karafuu, katika cha mtoni.

"Pardon, Kasonde," aliomba radhi Bwana Clovis, macho kwenye karatasi.

"Lakini sababu gani, Bwana? Udongo moja, maji moja."

"Sijui."

Kasonde hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Mbelgiji huyo. Alirudi kwenye tuta, akasugua jani la huku, akasugua la kule, akanusa na kunusa, hata asijue tena mkono upi ulishika lipi.