Sahihi ya Fundi Nati

Fundi Nati aliingia kwenye lifti ya mnara akiwa amekaa chonjo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mitambo ya mnara ule, ambao picha yake haikosekani kwenye kadi yoyote ya posta ya mji. Tangu astaafu, miaka sita iliyopita, hakuwahi kuukanyaga tena. Leo binti yake, muuguzi, alikuwa na mapumziko, na walipokuwa wakinywa chai akasema ghafla tu, "Baba, vaa viatu. Twende mnarani tukauone mji."

Ughafla huo ndio uliomtia wasiwasi. Binti huyu hakuwa mtu wa matembezi. Wiki iliyopita Nati alisahau birika jikoni hadi likaungua kitako, na tangu hapo binti alikuwa na maswali ya ajabu ajabu: leo siku gani, funguo umeweka wapi, jirani yetu wa juu anaitwa nani. Hata kwenye basi alimwonyesha jengo la benki, akauliza zamani palikuwa na nini. Nati alijibu sawasawa, lakini moyoni akasema: huyu hanitembezi, huyu ananipima.

Mwendesha lifti, dada mmoja mwenye koti jekundu, alifunga mlango na lifti ikaanza kupanda. Wageni walikuwa wakicheka na kupigana picha. Nati aliegemeza kiganja ukutani, kama alivyozoea enzi zake. Walipofika katikati akasikia: tk. Kimya. Halafu tena: tk, tk. Machale yakamcheza.

"Umesikia?"

"Nini, baba?"

"Kamba za lifti."

Binti akatabasamu lile tabasamu lake la wodini. "Mimi sijasikia kitu."

Nati akaitafuta kwa macho kadi ya ukaguzi, ile inayokaa nyuma ya kioo juu ya vitufe. Tarehe nane, mwezi uliopita. Hali ya kamba: nzuri. Chini yake palikuwa na sahihi, herufi mbili zilizolala ubavu na mkia mrefu uliopinda kama ndoano. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe.

Kitu cha kwanza alichokitilia shaka ni kichwa chake. Je, alikuja hapa mwezi uliopita? Alisaini, kisha ikampotea kabisa, kama lilivyompotea birika?

Huko juu watu walizikimbilia darubini. Mji ulikuwa umetandazwa chini yao, mapaa na reli na soko, lakini Nati hakuutazama. Alimfuata mwendesha lifti.

"Mwanangu, hii kadi nani huisaini?"

"Mkaguzi, mzee. Sijawahi kumwona. Mkuu wa mitambo ndiye huichukua kadi na kuirudisha ikiwa imesainiwa."

Mkuu wa mitambo alikuwa Kibonge. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini, wakila sahani moja.

Nati akamvuta binti yake pembeni. "Sahihi ile ni yangu. Na mimi sijasaini."

"Labda ni kadi ya zamani, baba."

"Soma tarehe."

"Au labda ulikuja, halafu..."

"Malizia. Halafu nikasahau." Nati akamkazia macho. "Umenileta hapa kunichunguza, sivyo?"

Binti akainamisha uso. "Daktari ndiye aliyesema. Nikupeleke mahali unapopafahamu vizuri, nione unakumbuka nini."

Ilimuuma. Binti akaenda kuitazama kadi, ili tu kumtuliza, kama mtu anavyochungulia mvunguni mwa kitanda kumridhisha mtoto. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akaushika mkono wa kulia wa baba yake, ule uliokuwa ukitetemeka tangu apatwe na kiharusi miaka miwili nyuma. Kila fomu iliyokuja nyumbani, yeye ndiye aliyekishika kidole gumba na kukigandamiza kwenye wino.

"Mkono huu hauwezi kuuchora mkia ule," alisema taratibu. "Hata ungetaka."

Akaipiga kadi picha kwa simu. Kisha, kwa sauti ambayo wagonjwa wabishi waliijua, akamwambia mwendesha lifti asiteremshe mtu yeyote, amwite mkuu wake.

Kibonge alitokea baada ya dakika ishirini, akihema, shati limemganda mgongoni.

"Kaka yangu! Ungeniambia unakuja ningekupokea kwa heshima zako!"

Nati hakuushika mkono alionyooshewa. "Mbona umepanda kwa ngazi, na mwili wote huo?"

"Mazoezi, kaka. Afya."

"Siku hizi hapandi lifti kabisa," mwendesha lifti akadakia, na palepale uso ukamparama, kwani ndipo alipoyaelewa maneno yake mwenyewe.

Kibonge akapunguza sauti. "Sikiliza. Mkaguzi aliyekufuata aliondoka, na mpya hajaajiriwa, mwaka wa tatu huu. Wakubwa wanataka karatasi tu. Jina lako linaaminika."

"Na kamba?"

"Zimechoka kidogo. Kidogo tu."

Waliteremka kwa ngazi wote, wageni wakinung'unika nyuma, Nati akipumzika kila ghorofa huku binti amemshika kwapani. Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja ofisi ya usalama wa majengo, wakakaa kwenye foleni mpaka jina lao likaitwa.

Kesho yake wakaguzi walipanda. Kamba moja kati ya nne ilikuwa imekatika nyuzi upande mzima. Lifti ikafungwa, Kibonge akasimamishwa kazi.

Alasiri hiyo Kibonge akapiga simu. "Umeniuza, kaka. Miaka ishirini, umeniuza."

"Jana binti yangu alipanda lifti ile kwa jina langu," Nati akasema. Kibonge akakata simu.

Binti aliporudi kutoka kazini alimkuta baba yake amekaa kitini, simu bado mkononi.

"Nani alikupigia, baba?"

"Rafiki yangu," akajibu. Akaiweka simu mezani. "Huyo daktari wako, niandikie siku. Nitakwenda."