Mtoto Aliyepunguza Wastani

Kila mwaka, mtihani wa majaribio ukishasahihishwa, mwalimu wa taaluma wa shule ya juu alikuwa akifunga mlango wa ofisi yake, akivua viatu chini ya meza na kuanza kupokea wazazi. Wanafunzi walimpachika jina la Chujio. Alilijua jina hilo na hakulikasirikia. Alikuwa amechoka mno, na isitoshe, jina lenyewe lilikuwa la kweli.

Kazi ilikuwa hivi. Shule ya juu, ile ya kilimani yenye geti la bluu, ilikuwa ya kwanza mjini kwa matokeo ya mtihani wa mwisho, na ilikusudia kubaki hapohapo. Kwa hiyo mtihani wa majaribio uliwekewa mstari. Aliyeuvuka mstari alisajiliwa kufanya mtihani wa mwisho shuleni hapo. Aliyebaki chini, hata kama amefaulu, mzazi wake aliitwa na kushauriwa akamsajili shule nyingine, ili alama zake zihesabiwe huko. Wengi waliishia shule ya bondeni, nyuma ya gereji, ambayo kila mwaka ilikuwa ya tatu kutoka mkiani. Halafu matokeo yakitoka, watu walizipanga shule hizo mbili kwenye karatasi moja na kusema, hebu ona tofauti. Ni sawa na kufagia uwanja wako, ukazisukuma taka kwa jirani, kisha ukamcheka kwa uchafu. Na hawa hata taka hawakuwa. Walikuwa watoto waliofaulu.

Chujio alikuwa na sentensi yake kwa ajili ya wazazi: "Hatumfukuzi mtoto wako. Tunamtafutia mazingira yatakayomfaa zaidi." Alikuwa ameirudia mpaka ikawa inatoka yenyewe, kama chafya. Akina mama wengine walilia. Akina baba walitazama dari. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mwalimu, Mungu anakuona," na yeye akajibu, "Najua," kisha akamwita anayefuata.

Mwaka huo, miongoni mwa waliobaki chini ya mstari, alikuwemo mtoto wa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi bomba, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Binti yake mkubwa walimwita Bibi Mdogo kwa sababu alirithi jina la marehemu mama yao Fundi na Chujio, na kwa bahati mbaya alirithi na macho yake, yale ya kukutazama bila kupepesa mpaka ukumbuke ulichokosea. Wakati wa kumchagulia sekondari, Fundi alitaka kumpeleka bondeni. Ilikuwa jirani na nyumbani, mtoto mwenyewe alipapenda, na kulikuwa na mwalimu wa fizikia ambaye jioni hakuwa na haraka ya kuondoka. Chujio ndiye aliyemkatalia. Alimfunulia gazeti mezani, akaweka kidole juu kabisa, kisha akakishusha taratibu mpaka chini.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alimwambia. "Namba hazidanganyi."

Fundi alitazama kidole cha dada yake zaidi kuliko alivyolitazama gazeti. Dada ndiye aliyesoma katika ukoo ule. Akisema mvua itanyesha, Fundi anaanua nguo.

Sasa Bibi Mdogo alikuwa chini ya mstari, na si kwa mbali, ni kwa alama chache tu. Chujio alimfuata mkuu wa shule, mzee mwenye vidonge vya tumbo mfukoni na wenye shule kwenye simu kila asubuhi.

"Mkuu, huyu ni damu yangu."

Mkuu alimeza kidonge bila maji. "Mwalimu, mimi nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini ukimbakiza wako, wale wa wenzako utawaambia nini? Msumeno hukata mbele na nyuma."

Miaka yote msumeno ule ulikuwa unakata mbele tu, na Chujio hakuwahi kusikia kelele zake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alirudi ofisini akampigia Fundi simu, na kwa woga akashindwa kumwambia jambo lenyewe. Alisema tu, "Njoo shuleni kesho asubuhi, kuna shida kidogo."

Asubuhi alikaa mezani akisubiri, chai ikipoa mbele yake. Nyuma ya ukuta wa ofisi kulikuwa na choo cha walimu, na bomba lake lilikuwa likidondosha maji tangu muhula uanze, tone baada ya tone, hata alikuwa anayasikia usingizini. Ghafla matone yakakoma. Kimya kilimshtua. Alikaa akikisikiliza, na baada ya muda akaelewa nini kimetokea.

Fundi aliingia akijifuta mikono kwenye ovaroli, mfuko wa spana begani.

"Nimekumalizia, dada. Ni mpira tu ulikuwa umelika. Aliyetengeneza mwanzo alifunga kamba ya viatu, sijui alidhani bomba ni mbuzi!" Alicheka peke yake. "Na tangi je? Au shida ilikuwa hiyo tu?"

"Kaa, mdogo wangu."

"Nimeloa, nitachafua kiti."

"Kaa tu."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Chujio alifungua mdomo atafute maneno ya dada kwa mdogo wake, maneno ya nyumbani. Hayakuja. Kilichokuja ni ile sentensi, nzima nzima: hatumfukuzi mtoto wako, tunamtafutia mazingira yatakayomfaa zaidi. Aliisikia ikitoka na akatamani kuirudisha.

Tabasamu la mbuzi lilikuwa bado halijamtoka Fundi vizuri usoni.

"Bibi Mdogo amefeli?"

"Hajafeli. Amefaulu. Ila yuko chini ya mstari."

"Mstari gani tena?"

"Wa shule. Tukiwabakiza hao, wastani wetu unashuka."

"Kwa hiyo amefaulu, lakini hajawafaulia nyinyi."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. Aliinama akafunga zipu ya mfuko wake, ikakwama, akaifungua akaifunga tena. Alipoinua uso, alikuwa na aibu, na aibu ile haikuwa yake kuibeba.

"Nisamehe, dada. Ulitupigania mtoto akaingia, na sasa tumekuangusha mbele ya wenzako. Nitaongea naye. Na kule nitampeleka mwenyewe."

"Fundi, hamjaniangusha..."

"Sawa, dada. Nimeelewa."

Aliondoka. Choo kilikuwa kimya kabisa. Chujio aliweka kichwa juu ya meza, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile, mzazi aliyefuata alimkuta analia.

Mchana, Bibi Mdogo alikuja kurudisha vitabu. Alivipanga mezani kwa ukubwa, kikubwa chini, kidogo juu, kama bibi yake alivyokuwa akipanga masufuria.

"Shangazi, naomba nikuulize. Mimi nilikuwa napunguza nini?"

"Wastani, mwanangu."

"Na ukipungua, nani anaumia?"

Shangazi mtu alimrekebisha kola, ingawa kola ilikuwa imekaa vizuri. Mtoto alisubiri amalize. Kisha akaaga kwa adabu.

Mwaka ukapita kama ipitavyo miaka ya walimu, kwa kengele na chaki. Matokeo ya mwisho yakatoka. Shule ya juu ya kwanza, bondeni ya tatu kutoka mkiani. Getini likatundikwa bango kubwa la pongezi, na mlinzi, ambaye hakuogopa mtu, akasema chema chajiuza, kwa hiyo yeye haelewi bango ni la nini.

Bibi Mdogo alikuwa amefaulu vizuri. Si kwa kishindo, lakini vya kutosha kuingia chuo cha maabara alichokitaka. Chujio alichukua kalamu, akafanya hesabu ambayo hakuna aliyemtuma aifanye: angebaki shule ya juu, wastani ungekuwaje? Ungetikisika kidogo sana, na shule ingekuwa ya kwanza vilevile. Akaanza kuwatafuta na wengine aliowashauri mwaka ule. Karibu wote walikuwa wamepanda kuliko alivyowaacha. Shule ya bondeni ilipokea watoto ambao shule nyingine ziliwakataa, ikawainua, na bado ikahesabiwa ya mkiani. Yeye shule yake ilipokea walioiva, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha habaki mbichi. Miaka yote alikuwa anasoma namba zilezile na kuzielewa kinyume. Alijisikia mzee.

Jumapili moja mchana, Fundi alikuja nyumbani kwake amevaa shati la kutokea. Alikuwa na binti yake wa mwisho, Kitinda, mtoto mwenye mdomo mrefu ambaye kabla ya kukaa alikuwa ameshauliza bei ya pazia na kwa nini paka hana mkia. Chujio alifurahi mno kuwaona. Tangu siku ile ya ofisini, mdogo wake alikuwa akija misibani tu.

Fundi alitoa bahasha akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Dada, huyu naye amemaliza msingi. Fomu za kwenu ndizo hizi, nimejaza mwenyewe. Nimeangalia gazeti, bado mnaongoza. Namba hazidanganyi, ulinifundisha mwenyewe." Akamshika mtoto kichwani. "Na huyu ana akili kuliko dada yake. Huyu hatakuangusha."

Kitinda akakaa wima, ili aonekane mwenye akili.

Chujio aliitazama bahasha. Angeweza kuipokea. Mtoto angepita usaili bila shida, mdogo wake angeondoka akitabasamu, na mambo yangeisha hapo, mpaka mtihani wa majaribio. Lakini alikuwa amechoka, na safari hii alichoka kudanganya. Akaamua kumpa mdogo wake kitu ambacho hakuwahi kumpa mzazi yeyote.

"Mpeleke bondeni," alisema.

Fundi hakuelewa. "Bondeni?"

"Kule kuna walimu wa kweli, Fundi. Kule ndiko kwenye mazingira yata..."

Alijing'ata ulimi, lakini sentensi ilikuwa imeshafika. Aliona ilivyompiga mdogo wake usoni, mahali palepale ilipompiga mara ya kwanza.

"Hata huyu, dada?" Fundi aliuliza polepole. "Hata usaili hajafanya."

"Sivyo, nisikilize. Sisi hatuwainui watoto, tunawachagua. Wanaobaki ndio wanaotupa namba. Angalia Bibi Mdogo, walivyomshika kule mpaka amefika chuo..."

Alieleza kwa muda mrefu, kwa mikono yote miwili, jinsi ambavyo hakuwahi kueleza kitu darasani. Kila alilosema lilikuwa kweli. Fundi alisikiliza kwa heshima akitikisa kichwa kukubali, macho yakiwa kwenye bahasha, na Chujio alijua ule mtikiso. Ndivyo wazazi walivyotikisa vichwa upande wa pili wa meza yake, miaka yote.

"Baba," Kitinda alinong'ona, na sauti yake ya kunong'ona ilisikika mpaka jikoni, "shangazi hanitaki?"

"Nyamaza. Shangazi anatutakia mema." Fundi aliichukua bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Sawa, dada. Nimeelewa."

Chujio aliwasindikiza. Kufika mlangoni ilibidi wapite jikoni, na bomba la jikoni lilikuwa linavuja, tone baada ya tone, kwenye sufuria alilolikinga mwenyewe. Katika maisha yake yote Fundi hakuwahi kupita mbele ya bomba linalovuja bila kuligusa. Alilisikia, maana alisita. Kisha akamshika mwanawe mkono, akapita.

"Kwaheri, mwalimu," alisema.