Maharage ya Eliakunda

Kila jioni Eliakunda alichambua makande yake kwa vidole, akayahamishia maharage kwenye sahani ya mkamwana wake Ernesta, aliyekuwa mjamzito, naye akabaki na mahindi matupu.

"Kula, unajenga mtu. Mimi mzee nasukuma siku tu."

Ndivyo mama yake alivyofanya miaka ya njaa, na Eliakunda hakujua upendo uliozidi kujinyima. Hakuona jinsi mapaja yake yalivyokuwa yakinywea ndani ya kanga. Asubuhi moja aliinama kung'oa tangawizi, magoti yakamsaliti. Alikaa pale mteremkoni, hana kidonda wala mfupa uliovunjika, asiweze kuinuka mpaka Ernesta alipokuja na tumbo lake kumnyanyua. Alitahayari mno.

Zahanati alikopelekwa na Ernesta, muuguzi alimbonyeza misuli. "Bibi, nani amekuambia uzee hauhitaji chakula? Mtoto anataka protini akue, mjamzito anajenga miili miwili, na mwili wa mzee unabomoka upesi. Usipoulisha, nani ataukarabati?"

Eliakunda aliitikia kwa adabu, na jioni akayahamisha maharage vilevile. Ernesta akaisukuma sahani kando.

"Usipokula, mama, na mimi sili."

"Utamwumiza mjukuu wangu!"

"Na nikijifungua, nani atanipokea? Mama mzazi sina. Sikuhitaji uwe mwema, nakuhitaji uwe na miguu."

Eliakunda akayarudisha maharage kwenye sahani yake. Kisha akala, na maharage ya kwanza yakampita kooni kama kitu cha wizi. Kesho yake akala yai. Yakafuata maziwa, na dagaa walionunuliwa sokoni Hedaru. Taratibu wizi ule ukageuka hamu, hamu ikageuka nguvu. Akaanza kuinuka kitini bila kushika ukuta. Akarudi shambani na jembe lake mwenyewe. Mtoto alipozaliwa, wa kike mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, mikono ya kwanza kumwogesha ilikuwa ya Eliakunda.

Siku ya ubatizo alimfunga mjukuu mgongoni, akashika njia ya kanisani, mwinuko unaowatoa jasho hata vijana. Katikati ya mlima mwendesha bodaboda akapunguza mwendo.

"Shikamoo, bibi! Panda nikufikishe."

"Marahaba, mwanangu. Wewe tangulia," alisema Eliakunda bila kusimama, "ukawaambie tunakuja."

Kengele ikalia juu yao. Mtoto akapiga mateke mgongoni, na bibi akaongeza mwendo.