Mpini wa Jembe

Uliiona sufuria ya Kija ukageuza uso. Ukasema wanawake wa vijijini hawaambiliki, ukaendelea na safari yako. Leo hupiti. Kaa hapa mpaka maziwa yachemke.

Maana Kija aliambilika. Muuguzi wa zahanati alimweleza mara moja tu: homa ya Scola, binti yake wa miaka minne, ile inayopanda jioni na kushuka asubuhi, imetoka kwenye maziwa mabichi. Dawa atamaliza, lakini akiyanywa tena mabichi, itarudi. Kija alitembea na neno hilo hadi nyumbani, nje kidogo ya Magamba, likimzunguka kichwani kama nzi.

Achemshe kwa moto gani? Ilikuwa masika, mabua na kinyesi cha ng'ombe vimelowa chapachapa. Shoka lake askari wa msitu walilichukua tangu kiangazi, walipomkuta akikata kuni. Jikoni vilibaki vijiti vitatu, navyo ni vya ugali. Halafu kulikuwa na mama mkwe, Kashinje, na kibuyu chake cha kusukia maziwa. Ya kuchemsha hayagandi vizuri mle, samli haitoki. Sasa nyumba iliyoswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku impe mgeni nini?

"Mkamwana, kwa hiyo ng'ombe wetu wana sumu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Mumeo nilimkuza na nini? Na soda?"

Kija alimngoja bwana afya, Severini, aje aseme yeye mbele ya mama mkwe. Mabwana afya hatukuanza kuwaona jana. Mwaka ule wa kuharisha damu walikuja na vipeperushi vizuri sana. Mji mzima tuliviwashia moto jikoni mpaka vikaisha.

Severini alifika na pikipiki yake, akapewa kigoda. Akafundisha: chemsha maziwa, nawa mikono, kisu cha nyama kisiguse mboga. Alisema vizuri, haki yake tumpe.

"Na kuni nitoe wapi?" Kija akauliza.

Severini akafunua ukurasa wa kitabu chake. "Hilo mama ni la idara nyingine."

Ndipo Kashinje akaja, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili kikombe cha maziwa mgando yaliyotoka kibuyuni. Severini akakitazama. Kukataa maziwa katika mji wa Msukuma ni kumwambia mwenyeji kwamba kwake kunanuka. Akamtazama Kija, haraka, kama mwizi. Akanywa mpaka chini, akafuta ndevu.

"Asante, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Pikipiki ilipoondoka Kashinje akacheka. "Umeona? Msomi kanywa, na kikombe kakiramba."

Kija alikaa, akasimama, akakaa tena. Aliingia ndani akamgusa Scola shingoni. Moto. Dawa zilibaki za siku mbili. Mtoto akaomba maziwa, na bibi yake akanyoosha mkono kwenye kibuyu.

"Mwache, mama."

Kija alitoka nje, akalichukua jembe lake, akaligonga kwenye jiwe mpaka mpini ukachomoka. Mpini mkavu, wa miaka mitano, umelainishwa na viganja vyake mwenyewe. Akautia mafigani mzima mzima, akabandika sufuria ya maziwa.

"Na kesho utalima na meno?" Kashinje akauliza. Sauti haikuwa na kicheko tena.

"Kesho sijui, mama. Leo anakunywa haya."

Maziwa yakapanda, yakashuka, yakapanda tena. Kashinje alisimama mlangoni na kibuyu chake kwapani. Scola alipomaliza kikombe, bibi yake ndiye aliyempangusa mdomo.

Jembe likabaki chuma kitupu mlangoni, mahindi yakingoja palizi. Kuna mtoto, kuna kikombe cha kesho, na mipini imekwisha.

Sasa wewe, usiinuke kwenda kumsimulia jirani. Nenda ofisi ya kijiji chako, leo, kabla haijafungwa. Dai mkutano. Atakapokuja mwenye kitabu, asimame mbele ya watu wote, na kabla hajafunua ukurasa wa kwanza mwulize alichouliza Kija: kuni tutoe wapi? Asiondoke hajajibu. Akitaka kukimbia, shika pikipiki yake.