Matone ya Meja

Kaka yangu alinipa habari ya sindano akiwa kanigeuzia mgongo, anapima ubao kwa futi kamba.

"Jumamosi saa tatu anakuja yule bwana wa mifugo," alisema. "Meja anachomwa sindano, anapumzika. Nimeshaongea naye."

Kisha akachora alama kwa penseli, akaichomeka juu ya sikio, akaendelea na ubao wa pili. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Meja, mbwa wetu, alikuwa amelala chini ya meza yangu ya kazi, pua juu ya kiatu changu, hana habari kwamba kifo chake kimeshapangiwa siku na saa.

Nilizima mashine ya randa. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Mama husema nilipozaliwa mdomo ulitangulia, mwili ukafuata baadaye. Nikamwambia kaka, "Huyo bwana akija na sindano yake, atafute kwanza mahali pa kunichoma mimi, maana kwa Meja hafiki bila kupitia kwangu."

"Yale yale," kaka akasema. "Mbwa kipofu analinda nini?"

"Si kipofu."

"Jana kagonga ngazi."

Ni kweli aliigonga. Hapo ndipo hasira zangu zilipozidi, kwa sababu kaka alikuwa na hoja na mimi nilikuwa sina.

Yadi hii ya mbao tuliachiwa na baba, sisi wawili. Kaka anauza na kuongea na wateja, mimi natengeneza vitanda, makabati na milango. Meja aliletwa humu akiwa mdogo kiasi kwamba alilala ndani ya sanduku la misumari. Sasa ana miaka sita, masikio yamesimama, kifua kipana, na tangu aanze kulinda hakuna mtu aliyeondoka na ubao wetu hata mmoja. Usiku analinda. Mchana kutwa alikuwa analala mlangoni juu ya lundo la vumbi la mbao, kwenye jua kali, kwa sababu anapenda joto, na sisi tulimwacha. Nani angemkataza mbwa jua?

Mwaka jana niliona kitu kwenye jicho lake la kulia. Upande wa nje, palipo na ile ngozi inayong'aa kama kioo, pameota kinyama chekundu. Baada ya wiki chache na la kushoto likaanza. Msumeno, yule kijana wetu wa kupasua magogo anayejua kila kitu, alitangaza kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza na akaanza kula chakula chake juu ya gari. Kaka akasema ni vumbi, litatoka lenyewe. Wateja wakaanza kuulizia kwa nje, wasiingie, kwa sababu ya macho yale mekundu.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, chumba chake kina harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Alimwekea Meja rangi ya kijani jichoni, akazima taa, akammulika kwa tochi ya bluu. Alikuwa anatafuta kidonda, akaniambia, maana kama kipo, dawa anayotaka kutoa italiharibu jicho. Kidonda hakikuwepo.

"Hauambukizi," alisema. "Mwili wake wenyewe unalipiga vita jicho lake, na jua linauchochea. Usipotulizwa, hicho kinyama kitasambaa, kitageuka cheusi, na atakuwa anaangalia ukuta tu." Akanipa matone na dawa ya kupaka, vyote asubuhi na jioni. "Wiki sita, halafu mrudishe nimwone. Na umtoe juani."

Nilifanya yote. Namshika taya, navuta kope, tone linaingia, nampa kipande cha mkate. Wiki ya tatu wekundu ukaanza kufifia. Wiki ya sita macho yalikuwa safi, ungedhani kanunuliwa mapya.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipoharibu, na sitaki mtu mwingine aje kuwasimulia kwa kutia chumvi. Kwetu dawa ni dozi. Tumelelewa hivyo. Unameza mpaka ziishe, zikiisha umepona, habari imekwisha. Daktari alisema wiki sita, mimi nikahesabu wiki sita. Ile "halafu mrudishe" ikapita sikio hili ikatokea lile. Chupa ikaingia kwenye droo ya skrubu, Meja akarudi mlangoni kwake juani, na mimi nikaenda kumringia kaka. Nilisema, "Nimemponya." Nilisema hivyo mbele ya Msumeno na wateja wawili.

Mvua hazijaanza, kinyama kikarudi. Safari hii kimekuja na weusi. Na mimi, mdomo wote huu, nikajitia hamnazo. Nilijiambia ni uchovu, ni vumbi, maneno yale yale ya kaka niliyoyacheka. Kumrudia daktari ilikuwa kukiri kwamba sikumponya mtu. Wiki zikapita namna hiyo, mpaka Meja akagonga ngazi.

"Si ulisema umemponya?" kaka akaniuliza Jumatano ile, nikaiwasha tena randa.

Alhamisi nilipiga moyo konde, nikampandisha Meja kwenye pikapu ya yadi, tukarudi kwa daktari. Alimpima tena kwa rangi na tochi, akaniuliza dawa niliacha lini. Nikamwambia ukweli.

"Huu hauponi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Unatulia. Ukiweka dawa unatulia, ukiacha unaamka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe kwa uzee wake. Sasa hivi anaona bado, hasa kwa kati. Kinyama kitarudi nyuma. Weusi sina uhakika, mwingine utabaki."

Nilikasirika, nawaambieni. Nilimkasirikia yeye kwa kutonipigia kelele mara ya kwanza, nikajikasirikia mimi, nikaukasirikia ugonjwa wenyewe usio na adabu ya kuisha. Halafu nikachukua dawa, nikarudi yadi, nikashika nyundo. Kaka alikuwa ametenga mbao za daraja la kwanza kwa mteja wake mmoja mwenye maringo. Nikazikata. Nikamjengea Meja banda lenye paa refu na ukuta upande wa jua, likamalizika kabla ya jioni.

"Hizo mbao ni za mtu," kaka alisema aliporudi.

"Najua. Za Meja."

"Unajenga nyumba ya marehemu."

"Tutaona."

Jioni hiyo nilimhadithia mama. Anakaa kwenye nyumba iliyo nyuma ya yadi, dirisha la chumba chake linaangalia mbao. Nilikuwa namwekea dawa yake. Mama ana presha ya macho, na kila asubuhi na kila jioni mimi ndiye ninayemdondoshea, tone moja kila jicho, anainua uso bila kuambiwa. Mkono wangu unafanya wenyewe, mdomo unaendelea na maneno yake.

"Daktari kasema kila siku?" mama akauliza, macho kafumba.

"Kila siku."

"Maisha?"

"Maisha, mama."

"Na kaka yako anasemaje?"

"Anasema dawa isiyoponya si dawa. Ni kujidanganya."

Mama akajifuta shavu kwa upande wa khanga. Aliuliza tu huyo bwana wa sindano anakuja Jumamosi saa ngapi, nikamwambia saa tatu, akasema haya.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumwekea dawa kama kawaida, akakataa. "Iache hapa mezani. Nitakuambia." Mama si mtu wa kukataa dawa, ila nilikuwa na mambo yangu kichwani, sikumhoji. Nikaenda kumwekea Meja yake. Macho yalikuwa bado mekundu. Siku mbili za matone hazimgeuzi mtu, na mimi sikuwa na muujiza wa kumwonyesha yeyote.

Saa tatu kamili bwana wa mifugo akaingia, koti la kijani, mkoba mkononi, mpole tu. Meja akabweka mara moja, nikamshika ukosi, tukasimama mbele ya banda lake. Kaka akaja na Msumeno.

"Ndiye huyu," kaka akasema.

"Haguswi," nikasema mimi. "Bwana, samahani umesumbuliwa. Huyu mbwa ana dawa na daktari wake. Karudi kuumwa kwa kosa langu. Nilidhani kapona, nikaacha dawa, sikumrudisha kama nilivyoambiwa. Kosa ni langu, yeye hana. Sasa kama kuna mtu wa kuchomwa kwa uzembe, nipo hapa."

Nilisema hivyo mbele ya Msumeno, na Msumeno hana siri. Nilijua kufikia mchana mtaa mzima utakuwa unajua kwamba fundi aliongopa. Potelea mbali.

Kaka hakupandisha sauti. Yeye hapandishi, ndiyo maana watu humwamini. "Mnamsikia mwenyewe," akamwambia yule bwana. "Hajapona na hatapona. Daktari wake ndiye kasema. Kila siku asubuhi na jioni, mpaka afe. Siku akisahau, tunarudi hapa hapa. Dawa isiyoponya ni dawa gani?"

Yule bwana akaweka mkoba juu ya gogo. "Mimi nimeitwa tu," alisema. "Mkubaliane, mniambie."

Hapo ndipo tukamwona mama. Alikuja polepole kutoka nyuma, mkono wa kushoto unapapasa mbao zilizopangwa, kwa sababu pembeni haoni vizuri siku hizi. Meja akatikisa mkia. Mama akafika, akakaa kwenye benchi langu kando ya mbwa, akapanga khanga yake vizuri magotini.

"Wewe baba ndiye mwenye sindano?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na ngapi?"

"Ya kumtosha mbwa mmoja, mama."

"Basi umeleta pungufu." Akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na ile chupa yake ndogo. "Hii naweka asubuhi na jioni, mwaka wa kumi na moja huu. Sijapona. Nilishaambiwa sitapona. Nikiacha, naingia gizani. Mwanangu anasema dawa isiyoponya si dawa. Kwa hiyo tuko wawili wa kupumzishwa, na mimi ndiye mkubwa. Anza na mimi."

Msumeno alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha. Miaka kumi na moja nimeshika chupa ile, na mkono huu huu ukaitupa ya Meja kwenye droo ya skrubu baada ya wiki sita, nikitangaza kwamba nimeponya. Sijawahi hata siku moja kumwuliza mama dozi yake inaisha lini.

"Mama, wewe si mbwa," kaka akasema.

"Sikukuuliza habari za mbwa. Nakuuliza habari za dawa."

Kaka akaitoa penseli sikioni, akaiangalia, akairudisha.

"Hii ananiwekea nani?" mama akauliza.

"Dada," kaka akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Wewe umeniwekea mara ngapi?"

Sisi wote tulijua jibu. Kaka hakuwa mtoto mbaya, alimnunulia mama kila kitu, alimpeleka hospitali kila miezi mitatu na kumsubiri kwenye benchi. Lakini tone hata moja hajawahi.

"Ndiyo maana hujui," mama akasema. "Unangoja nipone ndipo useme imefanya kazi. Ya jana jioni imefanya kazi leo asubuhi, nimekuona ukipita dirishani. Na kesho itafanya tena." Akamnyooshea chupa. "Leo nimechelewa makusudi. Weka wewe."

Akainua uso, akafumbua macho, akangoja.

Kaka akaipokea. Mtu anayekata ubao kwa kipimo cha unywele, hajui ashike wapi. "Nafanyaje?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Vuta kope la chini. Tone moja. Chupa isiguse jicho."

La kwanza lilianguka shavuni. La pili likaingia. Mama hakusogea. Kwa jicho la pili alipata mara moja, na akabaki ameinama pale, chupa mkononi, anamtazama mama machoni kwa karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Sijui aliona nini. Alisimama macho yake mwenyewe yakiwa yamelowa, na hakuyafuta.

Yule bwana wa mifugo alichukua mkoba wake. "Mkibadili mawazo mtaniita," alisema.

"Hatutakuita," kaka akajibu, mimi sijasema kitu.

Akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye banda, akachuchumaa mbele ya Meja, akamshika taya kama alivyoniona nikifanya. Meja akamnusa kidole chenye dawa ya mama.

"Ya huyu iko wapi?" akauliza.

Sikumshukuru. Nilimwambia ya asubuhi nimeshaweka, ya jioni ni zamu yake, na aje ameshanawa mikono.